Joho la Heshima la Mtondooni

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa mapitio na halijarudi, kwa hiyo tuvumiliane. Itoshe kusema ni nchi ya joto. Tuna majira mawili: joto, na joto lenye mvua. Mtu akituuliza habari za leo tunajibu "jua," naye anaelewa.

Katika mji wetu wa Mtondooni lipo kuba la kaburi la Mwana Aziza, mwanamke wa zama za kale aliyewafundisha watoto wa mji mzima kusoma, wenye kwao na wasio na kwao. Watu huja kumzuru kutoka kila upande, Waislamu kwa Wakristo, pamoja na wageni wa nchi za mbali waliosoma habari zake vitabuni. Wageni hao, kwa kuwa wametahadharishwa kuhusu joto letu, hufika wamevaa kidogo sana. Si kwa ubaya. Mtu aliyeungua mabega hafikirii adabu, anafikiria kivuli.

Kuwafikiria adabu ilikuwa kazi ya Bi Mize Khatib. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, akikaa kwenye baraza ya lango na tenga la kanga alizozifua mwenyewe. Hakuajiriwa na mtu. Alianza baada ya kumzika mumewe, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno na kanga zilikuwa nyingi mno. Mgeni akija mabega wazi, Bi Mize hakumwambia kwamba amevaa vibaya. Aliinuka, akamtandikia kanga mabegani kama anayemfunika mtoto aliyelala, akasema, "Jua la leo, mwanangu, si la kuchezea." Mgeni alishukuru, akaingia, akazuru, akatoka, akairudisha kanga tengani. Kila Alhamisi, wageni wakishapungua, Bi Mize naye aliingia, akakaa kando ya kaburi kitambo, akatoka amepumua.

Kwa miaka ishirini na miwili hapakutokea ugomvi hata mmoja, na hilo, tulielezwa baadaye, ndilo lililokuwa tatizo. Jambo lisilo na ugomvi haliwezi kuundiwa idara.

*

Mambo yalianzia mbali. Waziri wetu wa Safari, Mheshimiwa Lugendo Kapufi, alikwenda ziara ya mafunzo katika nchi nyingine ya joto, na ujumbe wa watu thelathini na mmoja wa kumsaidia kujifunza. Siku ya mapumziko akapelekwa kuliona hekalu la wenyeji, naye alikuwa amevaa kaptura. Bawabu wa hekalu akamsimamisha. Akayatazama magoti ya Mheshimiwa, akaingia kibandani kwake, akatoka na kitambaa cha maua ya waridi, akamwonyesha ajifunge kiunoni. Mheshimiwa akajifunga. Mtu mmoja akapiga picha.

Picha ilifika nyumbani kabla yake. Gazeti la serikali lilieleza kwamba Waziri alikuwa akikagua ubora wa vitambaa. Wananchi, ambao wana shida nyingi na burudani chache, waliitazama picha ile kwa muda mrefu.

Aliporudi alihutubia taifa kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesimamishwa mlangoni pa watu. Sikukasirika. Nilijifunza. Nilijiuliza, sisi ni taifa gani ambalo halijawahi kumsimamisha mtu mlangoni? Tumekuwa tukijiheshimu kiholela. Heshima ni kitu kikubwa mno kuachwa mikononi mwa wananchi."

Makofi yalipigwa, kwa mujibu wa ratiba.

Ikaundwa Mamlaka ya Stara kwa Wasafiri. Wataalamu kumi na wanne walijifungia katika ukumbi wa makao makuu kubuni vazi. Kiyoyozi cha ukumbi ule kilikuwa hakizimiki, kitufe chake kilivunjika zamani, kwa hiyo wataalamu waliingia na masweta na kuagiza supu ya moto kila baada ya saa moja. Miezi minne baadaye walitoka na Joho la Heshima. Lilikuwa la sufu nzito yenye bitana mbili, mikono mpaka kwenye kucha, kofia ya kuziba masikio, vifungo kumi na vinane, rangi ya saruji mbichi. Taarifa yao ilisema joho limejaribiwa ukumbini kwa siku tisa mfululizo na hakuna mjumbe aliyetoka jasho.

*

Aliyeletwa Mtondooni kusimamia jambo hilo ni Bwana Sekiondo, Afisa Stara Daraja la Pili, mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa suti na tai kwa sababu waraka ulitaka hivyo. Alifika na kontena la kufanyia ofisi, futikamba mbili, na majoho mia nne. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Bi Mize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Vua koti hilo upumzike."

"Siruhusiwi, mama. Niko kazini." Akafungua faili. "Nina maswali machache. Nani alikuruhusu kuwafunika watu?"

"Jua."

Sekiondo akaandika. "Jua nani?"

"Hili hapa."

Akatazama juu, akapiga chafya, akafuta alichoandika.

"Unatumia vigezo gani?"

"Nikiona bega nalifunika. Nikiona goti nalifunika. Nisipoona kitu nakaa."

"Hupimi?"

"Macho yangu yananitosha, baba."

"Macho hayana muhuri, mama," alisema Sekiondo, bila ukali wowote, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Siku hiyo tenga lilichukuliwa. Kwa kuwa kila kanga ina maneno yake, kanga zote zilipelekwa kwa Kamati ya Tafsiri, nayo ikatoa majibu baada ya wiki sita, yakasomwa langoni kwa kipaza sauti. Kanga iliyoandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone* ilizuiwa kwa sababu ilidai kwamba wenyeji ni wagonjwa, na Wizara ya Afya ilikuwa imelalamika. Iliyoandikwa *Nimechoka sisemi* ilizuiwa kwa sababu Kamati ilijiuliza, kama hasemi, mbona ameandika. Ya tatu ilikuwa imefuliwa mpaka maneno yakafutika. Hiyo ilionekana ya hatari kuliko zote, ikapelekwa kunakohusika.

Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ile ya tatu alininunulia marehemu."

*

Tangu hapo kila mzuru alipaswa kuvaa joho, awe mwanamume au mwanamke, awe amejistiri au hakujistiri. Maalim Shibu, msimamizi wa kuba, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alikwenda kontenani kuuliza.

"Kijana wangu, dini haikufika huko. Imetaka mtu ajisitiri, aingie kwa adabu, basi."

"Ni kweli, Maalim," alijibu Sekiondo. "Dini imeanza. Serikali inamalizia."

Maalim Shibu alirudi nyumbani, na goti lake, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likimsumbua nyakati za mvua, likaanza kumsumbua kila siku.

Watu walianza kuzimia wiki ya kwanza. Fomu za Mamlaka hazikuwa na nafasi ya kuzimia. Sekiondo aliandika makao makuu kuomba mwongozo, akajibiwa kwamba hakuna mtu anayezimia mahali patakatifu, bali huzidiwa na utukufu wa mahali, na nafasi ya jambo hilo ipo ukurasa wa nne. Mwisho wa robo mwaka Mheshimiwa Kapufi alitangaza redioni kwamba kabla ya Mamlaka kuundwa hakuna mzuru hata mmoja aliyeandikwa kuzidiwa na utukufu, na sasa wamefika mia mbili na kumi na wawili. Nchi jirani, alisema, zilikuwa zinaomba kuja kujifunza.

Bi Mize hakuweza kuingia tena. Joho lilikuwa la kipimo kimoja, naye ni mfupi, na kuliburuza vazi la taifa kulikuwa kosa. Alivaa buibui lake la siku zote, lililomtosha kuingia humo tangu akiwa mwari, akaambiwa asubiri majoho ya wafupi. Majoho ya wafupi yalikuwa kwenye hatua za mwisho. Tulimwona Alhamisi zote akikaa barazani na mtungi wa maji na kipepeo cha ukindu, akiwapepea waliozidiwa na utukufu. Ukimuuliza hali, alisema, "Nipo." Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini alianza kuchelewa kwenda kwake jioni, kama asiyetaka kufungua mlango.

*

Mwezi wa nne tangu majoho yaanze, alifika Mama Veneranda Kahabuka kutoka nyanda za juu, safari ya siku mbili. Alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka thelathini na saba alifundisha darasa la kwanza, na siku alipostaafu aliweka nadhiri ya kuja kumshukuru Mwana Aziza, mwalimu mwenzake, kabla miguu haijakataa. Alivaa gauni la kitenge mpaka vifundoni, mikono mirefu, na kilemba kilichofungwa kwa nia njema.

Sekiondo alimpima hata hivyo.

"Vipimo vyote umevuka, mama," alisema.

"Vizuri. Basi naingia."

"Hapana. Vaa joho."

"Juu ya hili gauni?"

"Juu ya hilo."

"Kwa sababu gani, mwanangu?"

"Kwa ajili ya heshima."

"Heshima ya nani?"

Sekiondo akafungua waraka, akapitia kurasa mbili. "Haikutajwa, mama."

Mama Veneranda alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Akavaa, akafunga vifungo vyote kumi na vinane, kimoja kimoja, kama alivyowafundisha watoto. Alipopita barazani, Bi Mize akamwambia, "Dada, usikae sana humo."

"Nimesafiri siku mbili ili nikae, dada yangu," alisema Mama Veneranda, akaingia.

Ilikuwa saa saba mchana. Waliokuwa ndani walitoka wakiyumba. Mama Veneranda hakutoka. Bi Mize alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Yule mama hajatoka," alimwambia Sekiondo.

"Anaomba."

"Muda wote huu?"

"Waraka haujaweka kikomo cha maombi, mama."

Bi Mize akavuta kanga yake kichwani, akaelekea mlangoni.

"Mama, huna joho," alisema Sekiondo.

"Sina," alijibu Bi Mize, akapita. Sekiondo akabaki ameinua mkono, mkono wenyewe ukiwa haujui ufanye nini.

Alimkuta amelala ubavu kando ya kaburi. Uso ulikuwa mkavu, hauna jasho hata tone, na moto kama jiwe la jikoni. Midomo ilikuwa ikitembea. Bi Mize akainama kusikiliza, akasikia anaita majina: Anania, Byera, Clementina, Domitila. Alikuwa akiita mahudhurio ya darasa.

Bi Mize alianza kufungua vifungo. Cha nne kikagoma, akaacha kufungua, akachana. Akalitupa joho kando, akalegeza gauni, akaita, "Leta maji."

Sekiondo alikuja na mtungi mpaka kizingitini, akasimama hapo. Maafisa hawakupangiwa majoho, na asiye na joho haruhusiwi kuingia. Basi akapiga magoti nje, miguu yake ikiwa juani, akanyoosha mikono yake mirefu yote miwili ndani, akausukuma mtungi sakafuni mpaka ukamfikia Bi Mize. Bi Mize akavua kanga yake mwenyewe, akailowesha, akamfunika nayo mgonjwa, akampepea, huku akimwitikia. "Anania." Yupo. "Byera." Yupo. Walipofika majina ya mwisho mwisho, Mama Veneranda alifumbua macho na kuuliza nani amefuta ubao.

Alilazwa siku tatu. Daktari alisema kwamba nusu saa zaidi angemkosa. Sekiondo alifungua ukurasa wa nne, akakaa nao mbele yake mpaka alasiri, kisha akaandika alichotakiwa kuandika.

*

Bi Mize alishitakiwa kwa makosa matatu: kuingia mahali pa heshima bila joho, kumvua mzuru ndani ya mahali hapo, na kuharibu mali ya taifa, yaani vifungo. Kwa uzito wa jambo, Mheshimiwa Kapufi alikuja mwenyewe kulisikiliza, chini ya turubai, mbele ya kuba. Alivaa joho. Waliokaa karibu waliona kwamba lake lilikuwa la hariri nyepesi iliyotiwa rangi ya saruji, lakini macho, kama tulivyokwisha kuambiwa, hayana muhuri.

"Ulimvua mgeni wa taifa ndani ya mahali patakatifu," alisema Mheshimiwa. "Kweli au si kweli?"

"Kweli," alijibu Bi Mize.

"Hukuona aibu?"

"Nilimwona mtu anakufa. Aibu nikaiacha kwanza."

Mama Veneranda aliomba kusema. Alisimama kwa mkongojo, akamtazama Waziri aliyekuwa ameegemea kiti kwa kiwiko.

"Kaa vizuri," alimwambia.

Mheshimiwa akakaa vizuri. Nadhani hata yeye alishangaa.

"Nimefundisha miaka thelathini na saba," alisema Mama Veneranda. "Mtoto akianguka darasani kwa njaa, hatuandiki kwamba amezidiwa na elimu. Nilifika hapa nimejistiri kuliko siku ya harusi yangu. Mkanifunika mpaka nikakaribia kufunikwa kwa udongo. Aliyenistahi ni huyu, aliyenivua joho lenu na kunifunika kanga yake, akabaki kichwa wazi mwenyewe. Hilo ndilo nililotaka kusema. Naomba kukaa."

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo na kukigeuza kicheko kikohozi.

Akaitwa Sekiondo, aeleze alichoandika siku ya tukio. Alisimama, suti imelowa mgongoni, akasoma: "Mzuru alizidiwa na utukufu wa mahali." Akalifunga faili. Tulidhani amemaliza.

"Niliandika hivyo, Mheshimiwa," alisema, taratibu sana. "Na wale mia mbili na kumi na wawili niliwaandika hivyo hivyo. Lakini walizidiwa na joho."

Bi Mize akamtazama kwa mara ya kwanza tangu tenga lake lichukuliwe.

Mheshimiwa aliahirisha kikao, akaenda kula, akarudi na uamuzi. Alisema amesikiliza pande zote kwa moyo mweupe. Ni dhahiri kwamba joho halina kosa, kwani lilijaribiwa. Mamlaka haina kosa, kwani iliundwa kisheria. Lililobaki ni jua. Kuanzia siku hiyo, kwa usalama wa wazuru, kuba lisitembelewe wakati jua limechomoza. Na kwa kuwa giza lina hatari zake, lisitembelewe wakati jua limetua. Shauri la Bi Mize liliahirishwa mpaka uchunguzi kuhusu jua ukamilike. Bwana Sekiondo alishushwa kuwa Afisa Stara Daraja la Tano, daraja lililoundwa mchana ule ule ili apate pa kushukia.

Lango likafungwa kwa mnyororo. Ripoti ya mwaka ilisema kwamba Mtondooni hakuna tena kosa la mavazi hata moja, na stara imefikia asilimia mia. Mheshimiwa alitunukiwa nishani, katika sherehe aliyoiandaa mwenyewe ili asimsumbue mtu.

*

Sekiondo aliachwa alinde lango. Hapakuwa na wa kumpima. Alikaa ndani ya suti yake kwenye kiti cha plastiki, akihama na kivuli, na watu walimpita bila kumsema. Sisi hatuna kisasi, tumechoka tu.

Alikuwa na nafasi ya kuona mambo. Aliona kwamba kila asubuhi Bi Mize hupita na ndoo mbili, akazunguka nyuma ya ukuta, na hukawia. Aliona kwamba Mama Veneranda, kabla ya kupanda basi kurudi kwao, alizunguka nyuma pamoja naye, na alipotokea tena, baada ya muda mrefu, alikuwa anapangusa macho na anatabasamu. Aliona Maalim Shibu akienda huko na goti lake. Hakuandika lolote. Daraja la Tano halikupewa fomu.

Alhamisi moja jua likiwa kichwani alisimama, akawafuata walikopita.

Nyuma ya kuba kuna kisima, na karibu na kisima kuna mlango mdogo wa mbao, wa kuingizia maji ya kuoshea sakafu. Sakafu ya Mwana Aziza haijawahi kukosa kuoshwa, vita ikiwepo au amani, na tangu mnyororo ufungwe aliyeiosha ni Bi Mize. Wataalamu kumi na wanne waliichora ramani ya kuba wakiwa makao makuu, na kati yao hakuna aliyefikiria kuuliza maji huingilia wapi. Mlango ulikuwa wazi. Bi Mize alikuwa amepiga magoti kwa ndani, anakamua tambara.

"Mama," alisema Sekiondo. "Hapa si pamefungwa?"

"Pamefungwa kule mbele."

Alifikiri. Upepo wa baridi, wa mawe ya kale na maji, ulimfikia usoni.

"Miezi saba niko langoni hapa, nimewapima watu wa kuingia humu," alisema. "Mimi sijaingia hata siku moja. Sikupangiwa joho."

Bi Mize akaivuta ndoo kando, njia ikawa nyeupe. Sekiondo hakusogea. Alijitazama koti, tai iliyopauka, suruali yenye vumbi la langoni.

"Na nguo hizi, mama? Zinafaa?"

Bi Mize alimtazama, si kwa muda mrefu.

"Vua viatu," alisema.